Redio Bubu si Urithi

Wapo watu wanaodai kwamba redio ya kale ya valvu, spika yake ikichakaa, isiguswe. Ikae kabatini kama ilivyo, kwani kuibadilishia kiungo chochote ni kuharibu urithi. Wapo na wengine wasemao itupwe, maadamu madukani zimejaa mpya. Makundi haya hudhani yanapingana. Kwa hakika yamekubaliana jambo moja kubwa: redio hiyo isiseme tena. Sisi twayapinga yote mawili.

Thamani ya redio ni sauti. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakukutana ili kutazama sanduku.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili zamani. Ngozi ya ngoma ikipasuka, ngoma haitupwi. Huwambwa ngozi nyingine, na gogo likabaki lile lile. Nani aliyewahi kusema kwamba ngoma iliyowambwa upya si ngoma ya wazee? Basi spika ni nini, kama si ngozi ya redio? Ni koni ya karatasi inayotikiswa na koili ndogo iliyo ndani ya nguvu ya sumaku. Karatasi huliwa na wadudu, hulegezwa na unyevu, huchanika.

Lakini tusidanganyane: kuwamba si kubandika. Fundi atiaye spika yoyote aliyoiokota ni mharibifu sawa na yule atupaye. Kwanza na atazame kama karatasi yaweza kuzibwa kwa gundi na karatasi laini. Ikishindikana, spika mpya ilingane na transfoma ya sauti, na ienee mahali pa ile ya kwanza pasipo kutoboa mbao. Aidha, redio nyingi za miaka ya 1930 hazina spika yenye sumaku ya kudumu. Zina koili kubwa inayogeuka sumaku ipitapo umeme, na koili hiyo hiyo husaidia kuchuja umeme wa redio nzima. Akiing'oa bila kuweka badala yake kifaa cha ukinzani unaolingana, redio itabaki bubu. Ndani mna volti 200 na zaidi, na sehemu ya umeme huo yaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Mwisho, spika ya kale ihifadhiwe, ili siku moja ipate koni mpya.

Huo ni ujuzi, na ujuzi ni utamaduni kama ulivyo ususi na uhunzi. Walakini mwanafunzi wetu hukariri kanuni ya Ohm ili afaulu mtihani, asijue kuitumia mbele ya spika iliyokufa. Mwalimu wa fizikia na aweke mezani spika mbovu iliyokwisha kutolewa, wanafunzi waipime koili, waione karatasi, wajaribu kuiziba. Fundi redio wa mtaani aalikwe darasani kama aalikwavyo manju wa ngoma.

Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Muuza redio mpya atavutia kwake, na mpenda makabati vivyo hivyo. Sisi nasi tuvute kwetu, redio iseme.