SAMAKI NI SHAHIDI WA MAJI YETU

Ndugu wanachama, mtu akitia sumu katika kisima cha jirani twamwita muuaji. Je, atiaye sumu katika mto unaonywesha vijiji vingi tumwite nani? Lakini kumwita jina hakutoshi. Mshitaki hana budi awe na shahidi, na shahidi wa maji ni samaki.

Wako watakaocheka. Nasi twawaambia kwamba wataalamu wa dunia nzima hupima sumu kwa njia hii, wala si uchawi. Hutwaliwa vyombo kadhaa, kila kimoja kikatiwa sumu ya kiasi chake, toka kidogo hata kingi, na samaki wasiopungua 7. Chombo kimoja hutiwa maji safi matupu. Kwa muda wa saa 96, yaani siku nne, huhesabiwa waliokufa, hata kijulikane kiasi kinachoua nusu yao. Kile chombo cha maji safi ndicho mlinzi wa haki: samaki wake wakifa ovyo, kipimo chote hutupwa, wala hapana mtu wa kushitakiwa.

Mwezi wa Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya Serikali ilisema sababu ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Wengi hawakuridhika. Hatuandiki haya ili kufufua ugomvi. Twasema hivi tu: mwananchi wa kando ya mto hakuwa na kipimo chake mwenyewe mkononi. Aliambiwa, akabaki kuamini au kukataa. Mtu huru hastahili kubaki hivyo.

Tena tusidanganyike kwamba samaki akiogelea basi maji ni salama. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka mingi. Samaki walivuliwa, wakauzwa, wakaliwa. Paka wakaanza kuyumba kama walevi, kisha watu. Ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda hicho hicho alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, paka akaugua vile vile. Wakubwa wake wakaficha habari. Serikali yao haikukiri sababu mpaka 1968. Miaka yote hiyo ushahidi ulikuwa katika nyama ya samaki, na maskini ndio walioula.

Jambo hili latuhusu. Kanda ya Ziwa wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Hatuwalaumu ndugu zetu watafutao riziki, lakini zebaki haijui udugu. Ikifika matopeni, vijidudu huigeuza sumu kali zaidi. Samaki mdogo huila, mkubwa humla mdogo, na sumu huzidi kila hatua mpaka sahanini. Mtoto aliye tumboni ndiye huumia kuliko wote.

Basi twataka nini? Twataka kila shule ya sekondari iliyo kando ya mto au ziwa iwe na matangi mawili ya sato, moja la maji ya mto, moja la maji safi, na daftari la kuandika kila siku. Shule haitatoa hukumu, itapiga kengele. Kengele ikilia, maji na minofu vipelekwe kwa wataalamu wa maabara, na majibu yasomwe hadharani mbele ya wanakijiji, yakipendeza yasipendeze.

Wale wasemao hapana fedha tuwaulize: tangi, wavu na daftari ni bei gani, na mtoto aliyezaliwa na ubongo ulioharibika ni bei gani?

Kila tawi lilete neno hili katika mkutano wake ujao. Maji ni yetu, na ushahidi wake uwe mikononi mwetu.