Kitambi si heshima, na misuli si elimu

Wako watu hapa kwetu Mombasa ambao, wakimwona mtu ameota kitambi, husema amenawiri. Akipungua, huulizana kwa minong'ono ni maradhi gani yaliyompata. Mimi nimeyaonja yote mawili, kwa hivyo nisemalo leo si la kuhadithiwa.

Mwaka wa 2011 nilikuwa karani katika ofisi moja karibu na bandari ya Kilindini, kazi ya kukaa kitini asubuhi hadi jioni. Uzani wangu ulikuwa kilo 98. Jioni moja, baada ya kushuka kwenye feri upande wa Likoni, nilianza kuupanda ule mlima pamoja na umati wa watu. Katikati nilisimama, mkono kifuani, nikihema. Hamali mmoja mwenye mvi, gunia begani, akanipita. Aligeuka akaniambia, "Pole, mwanangu. Pumzika kwanza." Huruma yake iliniuma kuliko tusi.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Muuguzi alinipima shinikizo la damu akapata 160 kwa 100, ilhali 140 kwa 90 tayari huhesabiwa kuwa la juu. Nilipewa dawa na kuonywa nisiziache bila ya amri ya daktari. Kisha muuguzi akaniuliza, "Ukitoka feri, nyumbani waenda kwa matatu au kwa miguu?" Swali hilo ndilo lililoniamsha.

Nilianza kwa kutembea tu, kutoka feri hadi kwangu Mtongwe. Baada ya miezi mitatu, mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa bondia ujanani, akanifunza kuruka kamba. Uani kwake mlikuwa na chuma cha kuinua alichokitengeneza mwenyewe: mikebe miwili ya mafuta ya kupikia iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Baada ya mwaka mmoja na nusu uzani wangu ulikuwa kilo 79, na daktari akanipunguzia dawa.

Basi maneno yakaanza. Shemeji zangu walimwuliza mke wangu kama nyumbani hakupikwi. Ofisini wenzangu walinipa pole kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Vijana wa mtaa, kwa upande wao, waliyaona mabega yangu wakaanza kuja uani. Yule mzee alipohamia bara kwa wanawe, waliniita "kochi", nami nikaitika.

Hapo ndipo nilipokosea. Kijana mmoja, msukuma mkokoteni, alitaka atanuke kifua kabla ya Idi. Nilimwongezea uzito kila siku, bila ya siku hata moja ya mapumziko, kwa kuwa yeye alikuwa na nguvu na mimi nilipenda kusifiwa. Wiki ya tatu mgongo ulimshika akiwa ameinama na chuma mkononi. Alikaa miezi miwili bila ya kazi. Mama yake hakunilaumu hata kwa neno moja, na kila nilipopita mlangoni pake nilitamani heri anitukane.

Sikujua jambo ambalo kila mkufunzi apaswa kulijua. Misuli hujijenga mtu anapopumzika, si anapoinua. Na kano zinazoishikiza misuli kwenye mifupa huchelewa kukomaa kuliko misuli yenyewe. Ndiyo maana kijana aweza kujiona simba ilhali kamba zinazomshikilia bado ni changa. Nilifunga mafunzo, nikaenda kujifunza huduma ya kwanza, kisha namna viungo vya mwili vinavyofanya kazi.

Ndugu msomaji, siku hizi wakufunzi wamechipuka kama uyoga. Mwenye kifua kipana hujitangaza, na watu humlipa bila ya kumwuliza lolote. Mimi nasema misuli ni ushahidi kuwa mtu ameujua mwili wake. Si ushahidi kuwa anaujua wa mwenziwe.

Mtazame Colm O'Connell, yule mtawa kutoka Ayalandi. Alifika Iten mwaka wa 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Lakini alitazama, akauliza, akajifunza kwa vijana wenyewe. Mikononi mwake alipitia Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kule London mwaka wa 2012. Je, kuna aliyemwuliza mkono wake una unene gani?

Kwa hivyo, kabla hujamkabidhi mtu mwili wako, msikilize anakuuliza nini. Asiyekuuliza umri wako, maradhi yako na kazi unayoifanya mchana kutwa, mkimbie. Anayekuahidi kifua kwa mwezi mmoja, mkimbie zaidi.

Wala usiseme mazoezi ni ya wenye pesa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, lilimtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kutia misuli nguvu. Hizo ni dakika 30 za kutembea kwa haraka, siku tano. Mlima wa feri haumtozi mtu hata senti.

Yule kijana alipopona alirudi uani. Siku ya kwanza nilimpa bomba tupu, bila ya mikebe. Wenzake walicheka. Nilimwambia linamtosha, naye akaliinua polepole, mara kumi, kisha akakaa kupumzika. Mwenda pole hajikwai.