Stakabadhi moja isiwe na nakala nne

Msimu wa ufuta ukikaribia, mkulima wa Kasekese huuliza kwanza bei. Swali la pili, ambalo halina uzito mdogo, ni kama kilo alizopima zitafika kwenye malipo zikiwa zile zile. Wiki hii ukurasa huu unaiacha bei na kuzungumzia kilo.

Chini ya Sheria ya Stakabadhi Ghalani Na. 10 ya 2005, mwenye mazao huyakabidhi kwa mwendesha ghala, naye hupewa stakabadhi anayoweza kuuzia au kuiweka dhamana benki. Tangu mzani hadi malipo, namba ile hupita kwa karani wa chama cha msingi, ghala, mnunuzi na benki. Kompyuta ikiiandika mahali pane, siku ya marekebisho zitapatikana kweli nne.

Dawa yake waandishi wa programu wanaijua siku nyingi: stakabadhi ijengwe kama kitu kimoja ndani ya mashine. Kitu hicho kinabeba kilo, daraja na jina la mwenye mali, tena kinabeba masharti yake chenyewe. Ukitaka kukipunguza, kinadai sababu. Kikishauzwa, hakiuziki tena. Wengine wote wanakielekezea kidole tu, hakuna anayebaki na nakala.

Vijana wetu wengi hufanya kazi kwa lugha nyepesi, ziitwazo lugha za skripti, na baadhi yake hazikuzaliwa na vitu hivyo. PHP ni mfano mzuri. Toleo la 4, la mwaka 2000, lilikuwa na vitu, lakini ukikitoa kitu sehemu moja ya programu kwenda nyingine, mashine kwa kawaida ilitoa fotokopi. Unasahihisha kilo kwenye fotokopi, ile ya asili inabaki na kosa. Kwa mfanyabiashara hilo halihitaji maelezo. Toleo la 5 la mwaka 2004 ndilo lililoondoa tabia hiyo.

Lua, iliyotengenezwa Brazili mwaka 1993, inampa fundi jedwali tu. Jedwali lisilo na jibu linaweza kupeleka swali kwa jedwali jingine, na kwa hila hiyo fundi hujijengea mfumo mzima wa vitu kwa ukurasa mmoja wa maandishi. Ni kazi inayopendeza, nakiri. JavaScript nayo ilitoka mwaka 1995, lakini neno rasmi la kuunda klasi lilipatikana mwaka 2015. Miaka 20 hiyo kila kundi lilikuwa na mtindo wake, na aliyezoea mmoja alipotea kwenye mwingine.

Hapo ndipo chama cha msingi kinapopata hasara. Kijana hodari anajenga mfumo wake mwenyewe, unafanya kazi misimu miwili, kisha anapata ajira Dodoma. Anayemrithi hawezi kuusoma. Chama kinalipa upya, na wakati huo wakulima wanasubiri fedha. Kwa maoni yangu, fundi anayelipwa kwa fedha ya ushirika atumie vitu vilivyomo tayari katika Python au PHP ya sasa, hata kama anaona ni vya kawaida mno. Ubunifu aufanyie nyumbani. Pale tu kifaa kinapokuwa kidogo mno kubeba lugha kubwa, Lua ikubaliwe, na ule ukurasa mmoja uandikiwe maelezo kwa Kiswahili kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.

Viongozi wa chama hawahitaji kujua lugha hizo ili kupokea kazi. Wabadilishe kilo za stakabadhi moja ya majaribio upande wa ghala, halafu wafungue orodha ya malipo bila kugusa kingine. Kilo mpya zionekane, za zamani zisomeke pembeni pamoja na jina la aliyebadilisha. Kisha wajaribu kuiuza stakabadhi hiyo mara mbili. Ikikubali, fundi asilipwe.