Sumu Iitwe kwa Jina Lake

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii tumezoea kumwambia mtu anayeona haya kumweleza daktari ugonjwa wake. Leo naielekeza kwingine, kwa lugha yenyewe. Kuna neno moja katika Kiswahili chetu ambalo huificha sumu mchana kweupe, nalo ni neno dawa.

Mimi ni mwalimu wa isimu wala si daktari, na sikusudii kuwafundisha madaktari kazi yao. Hata hivyo, katika chumba cha dharura cha hospitali yoyote ya umma, iwe Nyeri, Karatina, Kerugoya au Embu, tiba ya mtu aliyemeza sumu huanza kwa swali: amekunywa nini? Swali hilo hujibiwa kwa maneno, na maneno ndiyo shamba langu. Jamaa aliyemleta mgonjwa, huku anatweta, atasema, "Amekunywa dawa." Akiulizwa ni dawa gani, atajibu, "Dawa ya ng'ombe." Amesema kweli tupu, na bado hajasema lolote la kumsaidia mganga.

Tulichunguze neno hili. Dawa tulilipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kitu cha kuponya. Sumu nayo ilitoka huko huko. Tulipokea maneno mawili yenye mpaka ulio wazi, kisha sisi wenyewe tukaufuta mpaka huo. Leo tuna dawa ya kikohozi na dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya panya, dawa ya kupe na dawa ya magugu. Zaidi ya hayo, kiunganishi "ya" hakitupi msaada wowote. Dawa ya mtoto humponya mtoto, ilhali dawa ya panya humuua panya. Sarufi ni ile ile, lakini mmoja ni mlengwa wa huruma na mwingine ni mlengwa wa mauti. Mtoto wa miaka mitatu, ambaye jana alipewa dawa ya homa kwa kijiko na kusifiwa kwa kuinywa, atajuaje kwamba dawa iliyo katika chupa ya soda chini ya kitanda ni ya aina nyingine?

Sidai kwamba kosa hili ni la Waswahili peke yao. Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, pharmakon, lililobeba tiba na sumu kwa pamoja. Lakini Wagiriki hao hawakuwa na duka la pembejeo katika kila kituo cha magari.

Sasa turudi kwa yule ng'ombe. Katika vitongoji vya Tetu, Othaya na Mukurwe-ini, familia nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa zizini na kuwaosha wenyewe kwa kemikali za kuua kupe. Kemikali hizo si za jamii moja. Baadhi ni za jamii ya oganofosfeti, ambazo huvuruga mawasiliano ya neva na misuli. Mboni za macho husinyaa, jasho na mate humtoka mgonjwa bila kikomo, mapafu hujaa majimaji na pumzi hukatika. Kinga yake ipo, nayo ni atropini, ambayo hutolewa mara kwa mara hadi mapafu yakauke. Nyingine ni amitrazi. Hiyo nayo husinyaza mboni, humletea mgonjwa usingizi mzito na kupunguza mapigo ya moyo, hata mganga aweza kuidhania kuwa ni oganofosfeti. Lakini amitrazi haina kinga mahususi. Mgonjwa husaidiwa kupumua, na moyo wake hulindwa hadi sumu imtoke mwilini. Naam, kemikali mbili, njia mbili za tiba, na katika vinywa vyetu jina moja: dawa ya ng'ombe.

Mambo ni hayo hayo shambani. Miongoni mwa zinazoitwa dawa za magugu imo parakwati, ambayo huharibu mapafu na haina kinga. Tena mgonjwa wake hapaswi kupewa hewa ya oksijeni kiholela, kwa sababu oksijeni huzidisha madhara. Mganga asiyejua jina aweza kumdhuru mgonjwa kwa wema wake mwenyewe.

Na vipi kuhusu pombe? Mnamo Mei 2014, watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo, walikunywa kileo kilichokuwa na methanoli. Utafiti uliochapishwa baadaye ulihesabu wagonjwa 341 katika mkasa huo na wengine 126 katika mkasa wa Julai mwaka huo huo. Katika mkasa wa kwanza, takriban asilimia 29 ya wagonjwa walifariki. Februari 2024 msiba kama huo ulirudi katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, ukaua watu zaidi ya kumi. Methanoli huweza kukaa mwilini saa kumi na mbili hadi ishirini na nne kabla ya kujidhihirisha. Ini huigeuza kuwa asidi inayopofusha macho. Ikitambuliwa mapema, huzuiwa kwa fomepizoli, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2013, au kwa pombe safi inayotolewa kwa kipimo cha daktari hospitalini, pamoja na kusafisha damu kwa mashine. Lakini jirani akisema tu kwamba "amelewa", mgonjwa hulazwa nyumbani apate usingizi, na saa za kumwokoa hupita.

Kuna watakaoniambia kwamba tatizo la hospitali zetu ni uhaba wa dawa na vitanda, si uhaba wa istilahi. Hoja hiyo ina uzito, lakini mambo haya mawili hayatengani. Katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, sumu ya oganofosfeti ina alama yake, T60.0, na methanoli ina yake, T51.1. Kisichojulikana hutupwa katika T65.9, yaani kitu ambacho hakikutajwa. Daftari likijaa visivyotajwa, mwenye kuagiza dawa ataagiza kinga ya nini? Sri Lanka ilifaulu kwa sababu ilijua ni kemikali zipi hasa zilizokuwa zikiua watu wake hospitalini. Ikazipiga marufuku moja baada ya nyingine kuanzia miaka ya 1980, na kufikia 2015 kiwango cha watu kujiua kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya asilimia 70.

Nimetaja kujiua, na sharti nitaje pia woga. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Si ajabu basi kwamba jamaa walijificha nyuma ya neno dawa, neno lisilomshtaki mtu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mlango huo umefunguliwa. Wazazi na wanafunzi waambiwe waziwazi kwamba kusema ukweli hospitalini ni kuokoa maisha, na kwamba aliyeelemewa na moyo anastahili kusikilizwa, si kutengwa.

Ndugu walimu, kazi hii ni yetu kabla ya kuwa ya waziri. Kiswahili kina maneno ya kutosha. Tanzania inatumia neno viuatilifu katika jina la mamlaka yake rasmi, na sisi tuna viuadudu na viuamagugu. Tuyatumie katika somo la Kilimo, katika insha na katika mazungumzo ya kawaida. Mwanafunzi aandikapo "dawa ya kupe", mwalimu asahihishe: sumu ya kupe. Nanyi wanafunzi, mkifika nyumbani, someni kibandiko cha kila chupa iliyo ghalani na mjue jina la kemikali iliyomo. Asiwepo mtu wa kumimina sumu katika chupa ya soda. Balaa likitokea, msimlazimishe mgonjwa kutapika, wala msipoteze muda kwa maziwa. Mpelekeni hospitalini mara moja, na chupa yenye kibandiko iende pamoja naye.

Neno haliponyi oganofosfeti, najua. Lakini mganga wa zamu usiku wa manane, akikabidhiwa jina kamili, anajua afungue kabati lipi. Akikabidhiwa neno dawa, itambidi abahatishe, na anayebahatishiwa ni mtoto wa mtu.