Someni kwa Bidii, Lakini Vipi?

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu hapa Lulindi iliamua kuanzisha darsa ya Jumamosi kwa vijana wa kidato cha tatu na cha nne. Nia ilikuwa njema, maandalizi haba. Majuma matatu ya mwanzo tuliyamaliza kwa mawaidha: fadhila za elimu, ubaya wa uvivu, haki za wazazi. Juma la nne kijana mmoja aliinua mkono, akasema kwa adabu, "Ustadhi, mmetuambia tusome kwa bidii, na tumesikia. Hamjatuambia tusomeje." Wenzake waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Sisi tuliokaa mbele hatukuwa na pa kuificha haya yetu.

Tukamwuliza yeye husomaje. Akajibu kuwa hufungua daftari, husoma ukurasa tangu juu hadi chini, kisha huurudia mpaka usingizi umchukue. Wengi walisema vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba vijana haohao wamepitia madrasa, na hakuna hata mmoja wao aliyehifadhi Juzuu Amma kwa kuutazama msahafu tu. Mwanafunzi wa madrasa huufunga msahafu, husoma kwa moyo mbele ya mwalimu, hukwama, husahihishwa, na kesho yake hurudia la jana kabla ya kupewa jipya. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kuwa sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema sana, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hukihifadhi. Walimu wetu wa Qur'ani walikuwa wakiifanya kazi hiyo karne nyingi kabla yake. Kosa letu, sisi tuliopita vyuoni, ni kuiacha njia hiyo mlangoni mwa madrasa, kana kwamba baiolojia huingia kichwani kwa mlango mwingine.

Basi mawaidha tukayapunguza, madaftari tukayafunga. Kijana husoma aya moja ya jiografia, humweleza mwenzake kwa Kiswahili bila kutazama, kisha huiandika kwa Kiingereza, lugha ambayo mtihani humdai. Hapo tukagundua maradhi mengine. Swali likisema taja, likisema eleza, likisema jadili, jibu lilikuwa lilelile: orodha ya hoja tano. Jumamosi mbili nzima tulizitumia kwa vitenzi hivyo vitatu tu, wala hatujuti.

Ratiba ya kujisomea tuliipanga kwa kufuata nyakati za swala. Baada ya Alfajiri, somo gumu. Kati ya Magharibi na Isha, somo jingine. Baada ya Isha, marejeo. Tulijiona tumefanya jambo la hekima. Binti mmoja wa kidato cha nne alisubiri wenzake watoke, akatuambia, "Hiyo ni ratiba ya wavulana, Ustadhi. Alfajiri nachota maji, Magharibi niko jikoni." Hatukuwa tumemwuliza yeyote miongoni mwa mabinti. Tulifuatana na mama mmoja wa jumuiya ya akina mama, tukapita nyumba kwa nyumba kuomba saa moja tu kwa kila binti. Kwake waliridhia, na kaka yake akakabidhiwa ndoo. Kwingine tuliambiwa kuwa binti asiyepika atamwaibisha mama yake ukweni. Kwa wanaouharakia ukwe huo, tunawakumbusha kuwa tangu mwaka 2016 sheria ya elimu imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi.

Stadi za maisha nazo tulizifundisha kwa tulichokuwa nacho, yaani korosho. Jando na unyago huwapokea watoto wetu wakiwa wadogo, na mambo ya fedha hawayakuti huko. Wavulana kadhaa walikiri kuwa huuza korosho za nyumbani kwa kangomba, bakuli kwa bakuli, ili wapate vocha ya simu. Hatukuwakemea. Tulileta bakuli na mizani, wakapima wenyewe, wakapiga hesabu kwa bei ya mnada wa chama kikuu. Waliponyamaza ndipo tuliposoma pamoja Surat al-Mutaffifin, wanayoihifadhi tangu utotoni bila kujua kuwa inahusu vipimo vya sokoni.

Zito kuliko yote lilikuwa Novemba. Mtihani wa kidato cha nne huja mwezi huo, na mwezi huo korosho zinaanguka. Tuliwaita wazazi baada ya swala ya Ijumaa, tukaomba watahiniwa wasiende shamba siku za mtihani. Mzee mmoja, ambaye mjukuu wake alikuwa mtahiniwa, alisimama akasema, "Mwanangu katibu, korosho ikilowa mvua ni hasara ya mwaka mzima. Sare na madaftari utamnunulia wewe?" Hakukosea. Ada ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini daftari halikufutwa. Tuliafikiana kuwa jirani wasaidiane kuokota kwa zamu, na watahiniwa waende siku zisizo na karatasi.

Zamu hizo zilikwenda vizuri kwa baadhi ya familia, kwa nyingine zikavunjika juma la pili. Binti wa ratiba amepata nafasi ya kidato cha tano, na baba yake amekuja kutuuliza bei ya godoro. Kijana aliyetuuliza tusomeje sasa yuko kidato cha nne, naye ndiye anayewafungisha madaftari wadogo zake. Mjukuu wa yule mzee alifanya karatasi zote. Magunia mawili ya babu yake yalilowa, na salamu zetu mzee huzijibu kwa ufupi mpaka leo.