Ruta mbili, saa moja

Wadau, juzi hapa Tetu kijana anayejisomea mitandao aliniletea ruta mbili za mitumba, zimeunganishwa kwa kebo ya siriali. Intafesi iko "up", protokali "down". Kebo kabadilisha, ruta karibu azitupe.

Shida? Hakuna aliyetoa saa. Kiungo cha siriali ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mmoja lazima aongoze mapigo. DCE huongoza, DTE hufuata. Tukaandika "show controllers" kujua upande wa DCE, tukaweka "clock rate 64000" huko, laini ikaamka.

Sasa maoni yangu: tuache kukaririsha wanafunzi amri hii. Enzi za laini za kukodi, kabla ya SEACOM na TEAMS kutua Mombasa mwaka 2009 na faiba kuenea, saa kwa kawaida ilitoka kwenye modemu ya kampuni ya simu. Ruta ya mteja ilikuwa DTE, na amri hiyo ingeikataa. Aliyekariri alikwama hapo.

Siriali inazeeka, sawa. Lakini hata minara ya simu ya leo huhitaji saa zinazolingana. Fundisheni kwanza nani anashika saa, amri ifuate. Nawasilisha.