Sista Ajue Kabla ya Majirani

Wenzangu wa Kipkelion, kuanzia Londiani kwenye baridi hadi Fort Ternan kwenye joto la kahawa, nina ombi. Linawahusu wake zetu, dada zetu na binti zetu ambao tayari wanaishi na ugonjwa: mwenye presha, mwenye kisukari, anayemeza dawa za kifafa tangu shuleni, aliyeambiwa utotoni kwamba moyo wake una kasoro. Mmoja wao akishika mimba, au hata akianza tu kuitamani, aende kwa muuguzi wiki hiyo hiyo. Asingoje tumbo lionekane.

Najua kwa nini wengi hungoja. Mimba changa haitangazwi. Kuna kuogopa kijicho, na kuna uchungu wa kuulizwa maswali ikiharibika. Siidharau hofu hiyo. Ila sista si jirani, na kumwambia si kutangaza. Moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kuumbika katika majuma ya mwanzo kabisa. Anayeanza kliniki mwezi wa tano hukuta sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha, iwe vizuri au vibaya.

Na dawa nazo zina mambo yake. Valproeti, inayotuliza kifafa, yaweza kuharibu uti wa mgongo wa mtoto. Enalaprili, inayoshusha presha, huumiza figo za mtoto mimba inapokua. Zote mbili zina mbadala; kwa presha, methildopa na nifedipini hutumika sana kwa wajawazito. Lakini mbadala huandikwa na daktari. Ule ushauri wa mlangoni, “acha dawa kwanza, utamdhuru mtoto”, ni wa hatari, hata ukitoka kwa mama mkwe mwenye nia njema. Aliyeacha dawa ya kifafa kwa siri anaweza kuanguka jikoni, moto ukiwaka.

Akifika mapema, muuguzi ana mengi ya kufanya. Atapima presha na mkojo kila ziara, atafuatilia sukari, atampa foliki asidi. Mwenye presha ya muda mrefu anaweza kuanzishiwa aspirini ya kipimo kidogo baada ya wiki ya 12, na hiyo hupunguza uwezekano wa kifafa cha mimba. Zaidi ya yote, wataamua pamoja mtoto atazaliwa wapi. Zahanati ya karibu ni nzuri, lakini mama huyu anahitaji mahali penye chumba cha upasuaji na damu, na hilo haliamuliwi usiku wa manane juu ya pikipiki.

Acha nikae kidogo kwenye moyo, kwa sababu ndio unaotudanganya. Mtoto huumwa koo, hatibiwi vizuri, na homa inayofuata huacha kovu kwenye vali ya moyo. Anakua, anachuma majani chai, anaolewa, hana habari. Kisha mimba inaongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na ile vali iliyobana inashindwa kuipitisha. Anahema akipanda kilima, anakohoa usiku, hawezi kulala chali. Sisi tunasema ni uzito wa mimba, au nimonia ya baridi ya huku kwetu. Jamani, mjamzito anayelala ameketi apelekwe hospitali leo. Bomet, katika Hospitali ya Tenwek, vali kama hizo hufanyiwa upasuaji. Si ugonjwa wa kukata tamaa.

Hatari haiishi mtoto akilia. Kwa mwenye moyo mgonjwa, saa na siku za kwanza baada ya kujifungua ndizo mbaya zaidi. Presha huweza kupanda akiwa tayari nyumbani, wageni wakinywa chai. Mwenye kisukari anayejidunga insulini huhitaji kidogo sana ghafla, na asiposhauriwa sukari itashuka kupita kiasi. Kwa hiyo baba, kadi ya kurudi kliniki ni yako pia. Isome.

Akina mama wa vyama, bonasi ya chai ikiingia, mkumbukeni mmoja wenu aliye na hali hii. Mchango wa bima ya afya ya SHA kwa asiye na mshahara hulipwa kwa mwaka, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi, na mlipieni mapema, si akiwa wodini. Vijana wa bodaboda, awepo mmoja kwa kila kijiji ambaye namba yake mama huyo anayo.

Wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba mwaka 2023, laki moja nchi nzima, wana mashine ya presha na ya sukari. Waiteni nyumbani. Na kaunti ikituita kutoa maoni ya bajeti, tukishamaliza habari ya barabara, tuombe wauguzi waliofunzwa magonjwa haya katika mimba, hapa Kipkelion na Londiani, ili mama asipange foleni ya presha Jumanne na ya ujauzito Alhamisi. Tuombe pia betri za hizo mashine na vijiti vya kupimia sukari. Ni pesa kidogo, na bila hizo mkoba ni mzigo tu.